Mbona Mmechelewa?

"Mbona mmechelewa kumleta?" Swali hili husikika katika zahanati na vituo vya afya nchini kote, na Kilole, kata mojawapo ya Mji wa Korogwe mkoani Tanga, haiwezi kuwa mbali nalo. Muuguzi hulitoa akiwa ameshika mkono wa mtoto anayechemka kwa homa. Hulitoa kwa uchungu, maana amekwisha kuona watoto waliofika wakati bado upo na waliofika wakati umekwisha. Mama hulipokea kama lawama. Huinamisha macho, hukaza kanga, hujibu kwa neno moja au hajibu kabisa. Kisha kalamu huandika daftarini kwamba mgonjwa alicheleweshwa nyumbani, na foleni husogea.

Swali limeulizwa, lakini halikujibiwa. Kati ya jioni mtoto alipopata joto na asubuhi ya kesho kutwa alipofikishwa mbele ya tabibu, yamepita mambo mengi. Yupo baba aliyekwenda kutafuta kibarua upande wa Handeni, na simu yake haipatikani. Yupo bibi ambaye ndiye mwenye kauli nyumbani. Ipo nauli ya bodaboda, lipo duka la dawa lililo karibu zaidi kuliko zahanati, na yupo jirani aliyesema kwamba ugonjwa huu si wa hospitali. Pengine ipo pia safari ya kwanza, ile isiyoandikwa popote, ambapo mama alifika mapema akaambiwa dawa zimekwisha. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha lolote kati ya hayo.

Ipo taaluma inayoyashughulikia, nayo ni sosholojia ya tiba. Vyuo vya tiba vinaifundisha, wizara huitaja katika mipango yake, na wafadhili wa utafiti huiwekea fungu katika bajeti. Hata hivyo, namna mtaalamu wa fani hii anavyoajiriwa, anavyopimwa na anavyopandishwa cheo humzuia kulijibu swali lile la Kilole. Jibu lake linahitaji miaka, naye hupewa wiki.

Ni vema kwanza kuondoa dhana kwamba fani hii ni pambo lililobuniwa ili madaktari waonekane wanawajali watu. Mwaka 1951 mwanasosholojia Talcott Parsons wa Marekani alieleza kwamba kuugua si jambo la mwili peke yake. Ni nafasi ambayo jamii humpa mtu, ikamwondolea kazi kwa muda na papo hapo ikamdai atafute kupona. Aliyeichukua hoja hiyo akaipeleka kliniki ni Irving Zola, aliyekuwa mwalimu wa Brandeis University. Katika miaka ya 1960 Zola aliwasikiliza wagonjwa wa mjini Boston, wengine wenye asili ya Italia, wengine ya Ireland, na wengine wazawa wa Marekani wenye asili ya Uingereza. Aligundua jambo ambalo muuguzi yeyote anaweza kulihakiki: mara nyingi watu hawaendi kwa daktari siku ugonjwa unapokuwa mkali kuliko siku zote. Huenda siku ugonjwa unapogongana na maisha yao. Pale unapozuia kazi, unapoleta mzozo nyumbani, mtu mwingine anapowaambia sasa nenda, au muda waliojiwekea wenyewe unapokwisha.

Zola hakuyajua hayo kwa vitabu tu. Aliugua polio akiwa na umri wa miaka 16, akapata ajali ya gari miaka michache baadaye, na maisha yake yote alitembea kwa msaada wa vyuma na fimbo. Mwaka 1972 alikwenda Uholanzi, katika kijiji kiitwacho Het Dorp kilichojengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, akakaa humo juma zima katika kiti cha magurudumu ingawa aliweza kutembea. Kitabu chake kuhusu juma hilo moja kilitoka mwaka 1982. Miaka kumi kwa siku saba! Kamati nyingi za kupandisha vyeo zingemwita mvivu.

Boston si Korogwe, na mtu ana haki ya kuuliza kwa nini wagonjwa wa huko watumike kuwafafanua wa hapa. Lakini upo mfano wa karibu zaidi, tena unaoonekana kwa macho kutoka Kilole, kwa kuwa milima ya Usambara imeinuka hapo hapo kaskazini.

Mwaka 1966 kijana Mmarekani, Steven Feierman, alifika katika milima hiyo kutafuta historia ya ufalme wa Washambaa. Kwa cheo alikuwa mwanahistoria, na hakuna hospitali iliyomwita. Alijifunza Kishambaa, akakaa na wazee, akasikiliza habari za Mbegha, yule mwindaji ambaye masimulizi yanasema alitoka milima ya Nguu, upande wa Handeni, akawa chanzo cha ukoo wa Wakilindi waliotawala kutoka Vugha. Alipata shahada ya uzamivu ya historia Northwestern University mwaka 1970, na nyingine ya anthropolojia Oxford mwaka 1972. Kitabu chake cha kwanza, kuhusu ufalme huo, kilitoka mwaka 1974.

Mtu mwingine angefunga daftari hapo. Feierman hakuweza, kwa sababu wazee walipozungumza juu ya wafalme walitumia maneno ya uganga. Mfalme mwema, walisema, ni yule anayeweza kuzifya shi, yaani kuitengeneza na kuiponya nchi, mvua ikanyesha na chakula kikapatikana. Watawala wanaposhindana wao kwa wao, hubana shi, yaani huiharibu nchi, na njaa huingia. Afya ya mtu, rutuba ya shamba na utulivu wa utawala vilikuwa katika mazungumzo yale kitu kimoja kisichokatwa vipande. Ofisa wa idara moja asingeweza kulielewa jambo hilo, maana kazi yake yenyewe ni kipande.

Feierman alirudi Usambara, safari hii akifuatilia wagonjwa. Alitaka kujua mtu anapougua ni nani huamua aende wapi. Jibu lake lilikaribiana na lile ambalo John Janzen alikuwa amelipata kwa Wakongo wa Zaire ya wakati ule, katika kitabu chake cha mwaka 1978: mgonjwa mwenyewe mara nyingi si mwenye uamuzi. Lipo kundi la ndugu, wengine wa upande wa baba na wengine wa upande wa mama, wanaokaa, wanaopima, wanaochanga fedha, na wanaoamua kama ni hospitali, ni mganga wa jadi au ni vyote viwili kwa zamu. Katika makala yake ya mwaka 1985 Feierman alilipeleka suala hilo mbali zaidi. Aliuliza nani ana mamlaka juu ya uponyaji, na mamlaka hayo yamebadilikaje kwa sababu ya ukoloni, kodi, na kazi za mshahara zilizowatoa wanaume nyumbani.

Wenyeji wa Korogwe wanajua hayo yana maana gani, kwa kuwa mashamba ya mkonge yaliyowameza vibarua kwa vizazi yako mlangoni mwao. Baba akiwa shambani kwa mkataba, nani anaruhusu mtoto apelekwe hospitali? Mama anayeinamisha macho mbele ya muuguzi huenda alikuwa akisubiri ruhusa ambayo mwenye kuitoa hakuwepo. Kumwita mzembe ni kumwadhibu kwa uamuzi ambao haukuwa wake.

Mwaka 1990 Feierman alitoa kitabu kingine, kuhusu wakulima wenye fikra wa Usambara. Ndani yake kuna habari ambayo kila mtoa elimu ya afya angefaa kuijua. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milimani kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wakulima walikataa, na wanawake, ambao ndio hasa waliobeba mzigo wa jembe, walikuwa mstari wa mbele. Maofisa walisema watu hawa ni wajinga, hawajui faida ya matuta. Kumbe katika vikao vyao wakulima walikuwa wakijadiliana kwa kina juu ya ardhi, njaa, na mtawala anayeponya nchi na anayeiharibu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mpango ulikuwa umeanguka. Badala ya neno matuta, msomaji aweke chandarua, choo bora au chanjo, kisha ajiulize ni mara ngapi amewahi kusikia kwamba tatizo ni ukosefu wa elimu.

Kutoka safari ya kwanza hadi kitabu hicho ni miaka 24. Baadaye Feierman alifundisha katika idara ya historia na sosholojia ya sayansi ya University of Pennsylvania, na vitabu vyake vinasomwa na wanafunzi wa tiba katika nchi nyingi. Vimeandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa Usambara aliyetoa maneno yale hakuyasoma, na muuguzi wa Korogwe vilevile hakuyasoma.

Watanzania nao wamekuwemo katika kazi hii, na si kama wabeba hojaji. Mmoja ni George Lwihula, mwanasosholojia wa Muhimbili. Ukimwi ulipoiangukia Kagera, watu waliuita Juliana kwa jina la nguo zilizokuja na biashara ya mpakani, na wataalamu wengi walihesabu wagonjwa. Lwihula na wenzake waliwauliza wananchi wameuona vipi ugonjwa huo ukiingia majumbani mwao, na makala yao yakachapishwa mwaka 1993. Miaka mitatu baadaye jina lake limo, pamoja na la Switbert Kamazima wa chuo hicho hicho, katika utafiti uliofanyika Bagamoyo juu ya maneno ambayo watu hutumia kwa homa.

Utafiti wa Bagamoyo unastahili kukaliwa, kwa sababu umeokoa ujumbe wa malaria kutoka katika kosa ambalo hakuna mwanakemia angeliona. Wataalamu walikuwa wakitumia neno malaria kwa ugonjwa wote, mdogo na mkubwa. Wananchi walikuwa na homa ya malaria, ambayo kwao ilikuwa homa ya kawaida, ya kutibiwa kwa vidonge na ikapita. Mtoto anapokakamaa, macho yakageuka na mwili ukatikisika, hiyo haikuwa malaria. Hiyo ilikuwa degedege, ugonjwa mwingine kabisa, wenye asili yake, unaohusishwa na ndege au na shetani, na wenye matabibu wake. Kwa hiyo bango lililosema malaria inaua lilisomwa na mama aliyejua kutokana na uzoefu wake kwamba malaria haiui. Kinachoua ni degedege, na juu ya degedege bango halikusema neno.

Tena watafiti walisikia kwamba mtoto mwenye degedege asidungwe sindano, kwani sindano itamuua. Ni rahisi kucheka, na ni rahisi kuandika "imani potofu" kisha kupita. Lakini mtu akifikiri kidogo ataona jinsi imani hiyo inavyojilisha yenyewe. Mtoto hufikishwa hospitali akiwa katika hatua ya mwisho, hudungwa sindano, hufariki baada ya muda mfupi. Majirani wameona kwa macho yao kilichotangulia na kilichofuata. Wanahitaji kuoneshwa watoto waliofika mapema, wakadungwa, wakapona, kukemewa hakutawaonesha.

Hapo ndipo kazi ya mwanasosholojia inapomfaa muuguzi moja kwa moja. Katika mazungumzo ya kliniki ya watoto, ni bora kusema wazi kwamba degedege mara nyingi ni malaria iliyopanda na kuathiri ubongo, kuliko kupinga neno degedege kana kwamba halipo. Mzazi akiliona, amlaze mtoto kwa ubavu, asimtie chochote kinywani, si dawa wala maji wala kijiko, na amkimbize kituo cha afya saa ile ile, usiku au mchana. Kama bibi anataka kufukiza, pasiwe na mashindano naye; aambiwe kwamba safari haiwezi kungoja.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuacha habari hii mahali inapowapendeza wahudumu. Miaka iliyofuata mwanaanthropolojia Vinay Kamat, anayefundisha University of British Columbia, alifanya utafiti wa miaka kadhaa Mbande, pembezoni mwa Dar es Salaam. Katika makala ya mwaka 2006, na baadaye katika kitabu cha mwaka 2013, alionesha kwamba akina mama wengi hawakuanzia kwa mganga. Walimpeleka mtoto kituoni mapema. Ucheleweshaji ulitokea huko huko: waliambiwa ni homa ya kawaida, wakapewa dawa isiyofaa, wakarudishwa nyumbani, wakarudi tena. Hivyo swali la "mbona mmechelewa" linaweza kuwa na jibu ambalo muulizaji hakulitarajia: tulikuja juzi.

Na kabla ya hapo, mwaka 1995, mwanasosholojia Mtanzania Joe Lugalla alikuwa amekwisha kuandika juu ya namna sera za kubana matumizi ya serikali zilivyoathiri afya ya akina mama na watoto nchini. Uchangiaji wa gharama ulikuwa umeanza miaka miwili nyuma yake. Ni kweli kwamba sera iliwasamehe watoto walio chini ya miaka mitano. Lakini msamaha ulioandikwa Dar es Salaam na msamaha unaotekelezwa dirishani si lazima viwe kitu kimoja, na nauli haina msamaha. Lugalla baadaye alifundisha kwa miaka mingi University of New Hampshire, Marekani. Wanafunzi wa huko walipata mwalimu aliyewajua maskini wa Tanzania. Kilichopungua hapa hakuna aliyekihesabu.

Korogwe yenyewe si ngeni kwa utafiti. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo hapo, na watoto wa vijiji vya Korogwe wameiachia dunia mchango ambao wazazi wao wana haki ya kujivunia. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto 894 wa Kilifi, Kenya, na Korogwe, wenye umri wa miezi 5 hadi 17. Chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 53 katika kipindi kilichofuatiliwa. Korogwe ikawemo tena katika jaribio kubwa la awamu ya tatu, lililohusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wanaoishi katika maeneo yenye malaria nyingi.

Haya ni mafanikio makubwa, na hakuna hoja ya kuyapunguza. Ila jaribio kama hilo hubeba maswali ya kijamii ambayo si mepesi kama damu inayochotwa. Katika jaribio la Kilifi na Korogwe, watoto wa kundi la kulinganishia walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili nao wasiondoke mikono mitupu. Kitaalamu jambo hilo lina busara. Lakini mzazi aliyeambiwa kwamba wanawe wanaingia katika utafiti wa malaria, kisha akaelezwa kwamba yeye na mtaalamu wote hawatajua kama mtoto amepata chanjo ya malaria au ya mbwa mwenye kichaa, anahitaji maelezo ya lugha gani? Je, ridhaa ni ya mama aliyeweka dole gumba, au ni ya kundi lile la ndugu ambalo Feierman alilikuta milimani? Na uvumi ukianza kwamba damu inauzwa, nani ataujibu bila kuwatukana walioueneza?

Majibu ya maswali hayo hayaanzi siku ya kwanza ya kuandikisha watoto. Huanza miaka kabla, kwa mtu anayejulikana kwa jina mitaani, aliyehudhuria misiba, anayejua kwamba Mzigua wa Handeni na Mshambaa wa mlimani hawaliiti jambo moja kwa neno moja. Kinyume chake, desturi iliyozoeleka katika tafiti nyingi za tiba ni kumwita mwanasosholojia baada ya mambo kuharibika. Watu wamekataa chanjo, wameficha wagonjwa, wametimua gari la utafiti. Ndipo atafutwe mtu wa sayansi za jamii, apewe wiki tatu na dodoso lenye maswali ya maarifa, mtazamo na matendo, aseme kwa nini. Wale wale wanaomuuliza mama mbona amechelewa, nao huchelewa kumwita.

Hali hiyo imefungamana na ngazi ya taaluma yenyewe. Mtu huanza kama mkufunzi msaidizi, akawa mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na hatimaye profesa. Katika kila ngazi hesabu kubwa ni makala zilizochapishwa katika majarida ya kimataifa, ambayo ni ya Kiingereza. Mtaalamu wa maabara anaweza kupata makala tatu kutokana na sampuli za msimu mmoja. Mwanasosholojia aliyekaa mwaka Kilole akijifunza nani huamua nini nyumbani anaweza kupata moja, na pengine mhariri atamwambia aipunguze nusu. Mkutano wa mtaa alioufanya kurudisha matokeo kwa Kiswahili hauna alama. Kijitabu alichowaandikia wahudumu wa afya ngazi ya jamii hakina alama. Kwa hiyo kijana mwenye akili huhesabu, huacha kijiji, hufuata mradi wenye fedha. Mradi ukiisha na mkataba wake huisha, na yale aliyoyajua juu ya watu wale huondoka naye.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye upungufu wa madaktari haiwezi kumlipa mtu akae kijijini miaka miwili akisikiliza bibi. Hoja hiyo ina uzito. Wala si kila swali linahitaji miaka. Kujua ni nyumba ngapi zina vyandarua, dodoso la siku chache linatosha. Tena wanasosholojia wenyewe hawana budi kukubali sehemu yao ya lawama. Wengi wameandika kwa maneno mazito yasiyomfaa yeyote aliye mbele ya mgonjwa. Wengine wamependa sana habari za mashetani na ndege, wakasahau barabara mbovu na kabati la dawa lililo tupu, kwa kuwa mashetani huchapishwa kwa urahisi zaidi.

Lakini gharama ya kutojua nayo ipo, ingawa haina mstari katika bajeti. Ilikuwa katika kila bango lililosema malaria huku mama akiogopa degedege. Chuo cha tiba kinachoitaka kazi hii kwa dhati hakikosi la kufanya. Kinaweza kumpa mtaalamu mmoja wilaya moja kwa miaka mitano na kumpima kwa wilaya hiyo. Kinaweza kutoa alama kwa ripoti iliyosomwa kwa Kiswahili mbele ya wale waliohojiwa, wakapata nafasi ya kusema hapa umekosea. Kinaweza kuwapeleka wanafunzi wa udaktari nyumbani kwa mgonjwa mara moja, si kwa kupima shinikizo la damu, bali kwa kumwandika kila mtu aliyehusika kabla mgonjwa hajafika hospitali. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mashine.

Na katika zahanati, hata kabla vyuo havijabadilika, lipo badiliko dogo ambalo halimgharimu muuguzi chochote isipokuwa dakika mbili ambazo kweli hana nyingi. Baada ya mtoto kupimwa na dawa kuanza, badala ya lile swali la zamani, aulize: "Mama, kabla ya kufika hapa mlipita wapi, na nani alikuwa na neno nyumbani?" Asiandike jibu akiwa amesimama. Mara nyingi mama atageuka kumtazama aliyekuja naye, bibi aliyeketi kwenye benchi na mfuko wake mapajani, ambaye hakuna aliyekuwa amemsemesha tangu asubuhi. Naye, akishaona kwamba hakuitwa kulaumiwa, atajibu, "Mwanangu, sisi juzi tulikuja hapa hapa."